Kufunga rimu na tairi mpya kwenye Subaru iliyoshushwa, kwa barabara za Mbeya na Iringa

Gari lililoshushwa halipimwi likiwa limeegeshwa. Likisimama pale Mafiati au Kihesa, karibu rimu yoyote yenye matundu sawa itaonekana imekaa vizuri. La kujua ni tairi litakuwa wapi gari linapotua upande wa pili wa tuta, ndani kuna watu wanne na mizigo, na usukani umekatwa nusu. Hapo ndipo ukingo wa fenda unapochana bega la tairi, na mara nyingi dereva anagundua akiwa tayari Kitonga au anateremka Mlima Nyoka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kupima kabla ya kununua. Kufunga kwenyewe ni kazi ya nusu siku.

Mfano wetu ni Subaru Impreza WRX ya 2001 hadi 2007. Mwenye Toyota Altezza atafuata hatua hizo hizo, na pale namba zinapotofautiana tumezitaja.

Namba za kujua kabla ya kwenda dukani

Ya kwanza ni PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati. WRX ya miaka hiyo ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la mm 100. STI (WRX yenye nguvu zaidi) za kuanzia 2005 ni 5x114.3, na Altezza ni 5x114.3. Hakuna atakayeweza kukufungia 5x100 kwenye 5x114.3, hivyo kosa hilo linajionyesha lenyewe. Hatari ipo kwa rimu za magari ya Kijerumani za 5x112. Hizo zikilazimishwa kwenye 5x114.3 zinaweza kuingia, kwa sababu tofauti ni milimita 2.3 tu, lakini stadi, zile bolti zinazobeba nati, zinapinda kidogo na nati hazikai katikati ya tundu. Gari litatembea, nati zitalegea zenyewe, na siku moja stadi zitakatika. Usikubali hata kama bei ni nzuri.

Ya pili ni tundu la katikati. Habu, yaani kitovu ambacho rimu inakaa juu yake, kwa Subaru ina kipenyo cha mm 56.1, ya Altezza mm 60.1. Rimu nyingi za dukani zimetobolewa mm 73.1 ili zikubali magari mengi, kwa hiyo unahitaji ringi za habu za kuziba nafasi hiyo: 73.1 kwa nje, 56.1 kwa ndani. Zinauzwa nne nne. Chukua za aluminiamu ukizipata, kwani za plastiki zinalainika kwa joto la breki kwenye miteremko mirefu. Ukifunga bila ringi, rimu inashikwa katikati na nati peke yake, na usukani utatetemeka ukifika kilomita 80 hadi 100 kwa saa hata kama tairi zimebalansiwa vizuri.

Ya tatu ni uzi wa nati. Subaru ni M12x1.25, yaani stadi ya mm 12 yenye nafasi ya mm 1.25 kati ya uzi na uzi; Toyota ni M12x1.5. Kwa macho zinafanana kabisa. Nati ya Toyota kwenye stadi ya Subaru inaingia mizunguko miwili hivi kisha inakaza, na fundi mwenye haraka anadhani ni kutu, anachukua mashine ya upepo, na stadi inakwisha hapo hapo. Nati inayofaa inazunguka kwa vidole hadi mwisho.

Angalia pia kikalio cha nati. Rimu nyingi za sport zina kikalio cha koni ya nyuzi 60. Toyota nyingi zikiwa na rimu zake za aluminiamu za kiwandani hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Nati hiyo ya washa ukiifunga kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu. Itaonekana imekaza, lakini baada ya kilomita chache imelegea.

Halafu kuna ET. Namba hii ndiyo inayoamua gari lililoshushwa litasugua au halitasugua, na ndiyo wanunuzi wengi hawaiulizi. ET ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. ET ikipungua, rimu inatoka nje. Fanya hesabu hii kwa kalamu:

Rimu ya zamani, inchi 6.5, ET55. Upana ni 6.5 x 25.4 = mm 165.1, nusu yake mm 82.55. Kwenda nje: 82.55 – 55 = mm 27.55. Kwenda ndani: 82.55 + 55 = mm 137.55.

Rimu mpya, inchi 8, ET45. Upana ni mm 203.2, nusu yake mm 101.6. Nje: mm 56.6. Ndani: mm 146.6.

Tofauti: rimu mpya inatoka nje mm 29 zaidi na inaingia ndani kuelekea shokapu mm 9 zaidi. Kwenye gari lililoshushwa, milimita 29 za nje maana yake ni kukunja fenda. Ukichukua inchi 7.5, ET48, hesabu hiyo hiyo inakupa mm 20 nje na mm 6 ndani. Kwa barabara zetu hiyo ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu gari linapata sura bila kugusa bati.

Saizi ya tairi

Maandishi 205/55R16 ni upana wa mm 205, ubavu wa asilimia 55 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Kimo cha tairi hupatikana hivi: upana x asilimia ya ubavu x 2, kisha ongeza kipenyo cha rimu kwa milimita.

205/55R16: mm 631.9
215/45R17: mm 625.3
225/45R17: mm 634.3
225/40R18: mm 637.2
235/45R17: mm 643.3

Kwa gari lililotoka na 205/55R16, 225/45R17 ni karibu sawa kabisa: tofauti ni mm 2.4, spidimita haidanganyi, na ubavu unabaki na mm 101. Inchi 18 inakuachia mm 90 za ubavu. Barabara kuu ya kutoka Tunduma hadi Iringa ina malori mazito mchana na usiku, na kingo za lami zilizokatika si jambo geni. Ubavu mfupi ukiingia kwenye shimo kwa kilomita 80, rimu inapigwa moja kwa moja, nao ubavu unabanwa kati ya ukingo wa rimu na ukingo wa shimo hadi nyuzi za ndani zinakatika. Dalili yake ni uvimbe kama yai ubavuni siku moja au mbili baadaye. Tairi hilo halizibwi, linatupwa. Baki na inchi 17.

Soma pia namba ya uzito. Tairi 205/55R16 kwa kawaida ni 91, yaani kilo 615 kwa tairi moja. Baadhi ya 225/40R18 zina 88, yaani kilo 560, ambazo hazifikii za mwanzo. Ikiwa lazima uweke 18, tafuta 92 XL (tairi lililoimarishwa), kilo 630, na ujue XL inahitaji upepo zaidi ili ibebe uzito huo. Kwa 225/45R17, iwe 91 au 94 zote zinafaa.

Tarehe ya kutengenezwa ni tarakimu nne za mwisho wa maandishi ya DOT: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi la mtumba lenye kashata (meno yanayokanyaga barabara) nene lakini umri wa miaka minane ni raba ngumu. Kwenye lami baridi ya asubuhi ya Julai kati ya Makambako na Njombe litateleza mahali ambapo jipya lingeshika.

Mwenye Subaru azingatie hili zaidi ya yote: inasukumwa na magurudumu yote manne, na mzunguko wa nje wa tairi haupaswi kupishana kwa zaidi ya robo inchi, takriban mm 6. Kwenye kashata hiyo ni tofauti ya milimita 1 tu. Kununua tairi mbili mpya na kuacha mbili zilizolika ni kuichosha difu ya katikati kila kilomita unayotembea, na difu ni ghali kuliko tairi mbili ulizookoa. Nunua nne, ikiwezekana tano ili spea iwe saizi hiyo hiyo.

Kupima gari likiwa limebonyea

Mwombe muuzaji akukubalie kujaribu rimu moja kabla ya kulipia zote, na uijaribu ikiwa na tairi lake. Anza na mbele, kisha nyuma, kwa sababu fenda za nyuma zina nafasi ndogo lakini tairi halikatwi na usukani, na za mbele ni kinyume chake.

Tafuta sehemu tambarare kweli. Mbeya hiyo ni kazi. Weka gia, vuta handibreki, zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe au vipande vya mbao. Gari lililoshushwa mara nyingi haliingizi jeki, hivyo lipandishe kwanza juu ya mbao mbili za unene wa sentimita 4 au 5. Piga jeki kwenye sehemu iliyoandaliwa, weka stendi, na tairi ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Usiingize mkono ndani ya fenda gari likiwa limeshikwa na jeki pekee.

Toa linki ya stabilaiza upande huo. Toa shokapu, vua springi, rudisha shokapu bila springi lakini ikiwa na raba yake ya kuzuia. Kwenye koilova, yaani shokapu na springi za kupangwa kimo, kazi hii ni fupi. Funga rimu mpya kwa nati zote tano, kisha weka jeki ndogo chini ya mkono wa chini na upandishe taratibu hadi ile raba ibanwe. Hapo ndipo tairi litakapofika siku ya shimo kubwa. Ukibonyeza na springi ikiwa ndani, mwili wa gari utanyanyuka kutoka kwenye stendi kabla hujafika mwisho na utadhani una nafasi ambayo haipo.

Tairi likiwa juu hivyo, kata usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na uangalie:

• Kati ya tairi na shokapu au springi ya koilova: mm 5 au zaidi.
• Kati ya spoku na kalipa (kibano cha breki): mm 3 au zaidi. Kumbuka vipande vya kubalansi vinavyobandikwa ndani vinakula nafasi hiyo.
• Paipu ya breki: isiguse tairi popote, usukani ukiwa mwisho wowote.
• Ukingo wa fenda na plastiki ya ndani: mm 8 hadi 10.

Sehemu usizoweza kuona, bandika vidonge vya udongo wa kuchezea watoto, unene wa sentimita 2. Pandisha, shusha, kisha vitoe na uvipime: palipobonyezwa panakuonyesha milimita ulizonazo. Kidonge kikikatika kabisa, hapo tairi linagusa.

Zile mm 8 hadi 10 tunazisisitiza kwa sababu ya masika. Barabara za vumbi za Rungwe na Mufindi zikilowa, tope jekundu linajibandika ndani ya fenda na kukauka. Nafasi ya mm 4 inayotosha Oktoba haipo tena Machi.

Ikigusa

Njia ya bei ndogo ni kuinua koilova. Milimita 10 juu huondoa matatizo mengi, na kwa barabara zenye matuta na rasta kila kijiji, kushusha zaidi ya mm 25 hadi 30 kutoka kimo cha kiwandani ni kujitafutia kazi.

Kukunja ukingo wa fenda kunafanyika, lakini kwa subira. Rangi ipashwe joto kwanza hadi iwe ya moto mkononi, kisha ukingo ukunjwe kidogo kidogo kwa kifaa chenye gurudumu, mizunguko mingi mifupi. Ukikunja kwa baridi, rangi inapasuka mstari mzima na maji ya mvua yanaingia. Ndani ya msimu mmoja fenda ina kutu. Ukimaliza, paka silanti na rangi ndani ya mkunjo. Kukata ukingo kwa msumeno hatukushauri, hasa nyuma, ambako bati mbili zimeunganishwa hapo hapo.

Kwa fundi tairi

Nenda kwenye mashine yenye kichwa cha plastiki. Mitaimbo inakwangua ukingo wa rimu ya aluminiamu, na ubavu mfupi unahitaji nguvu inayoweza kuchana ukingo wa tairi. Kilainishi kiwe sabuni ya tairi. Oili inafanya tairi lizunguke juu ya rimu ukipiga breki kali, na kupandisha ukingo kwa petroli na kiberiti ni jambo la kukataa papo hapo.

Valvu ziwe mpya. Mshale wa mzunguko uangaliwe kabla, maana tairi lenye mshale lina kulia na kushoto. Nukta ya njano kwenye ubavu inaonyesha sehemu nyepesi. Ikae karibu na valvu. Upepo wa kupandisha ukingo usizidi psi 40. Kama haujapanda, toa upepo, ongeza sabuni, rudia. Ukishapanda, angalia ule mstari mwembamba wa raba unaozunguka karibu na rimu: uwe umbali sawa pande zote.

Kwenye balansi, omba vipande vya kubandika upande wa ndani. Mashine ikidai zaidi ya gramu 60 upande mmoja, toa upepo, zungusha tairi nusu mzunguko juu ya rimu, pima tena. Mara nyingi namba inashuka.

Kufunga

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Kigaga cha kutu cha nusu milimita upande mmoja kinatosha kuifanya rimu ikae upande, na hakuna balansi itakayotibu hilo. Paka grisi ya shaba kidogo sana kwenye mdomo wa habu. Nyuzi za stadi zibaki kavu; zikiwa na grisi, nguvu ile ile ya spana inazivuta zaidi ya uwezo wake.

Ingiza ringi ya habu, panda rimu, anza nati zote kwa vidole. Hesabu mizunguko: nati ishike angalau mm 12 za uzi, yaani mizunguko 10 kwa Subaru na 8 kwa Toyota. Ikipungua, stadi ni fupi. Ndiyo maana spesa za kuchomeka tu hatuzipendi. Mm 5 zinakula mizunguko 4.

Kaza kwa nyota, nati moja kisha ya upande wa pili, kwa awamu tatu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza): Nm 40, Nm 70, kisha tairi likigusa chini, Nm 100. Mashine ya upepo isitumike kumalizia.

Kama gereji haina spana ya toki, kuna njia. Chukua mpini wa sentimita 50 kutoka katikati ya nati hadi mshikio, uweke ulale sambamba na ardhi, na uning'inize ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye mshikio. Kilo 20 kwa nusu mita ni karibu Nm 98. Iachilie taratibu bila kuidondosha. Nati iliyokazwa vya kutosha haisogei, iliyolegea inajikaza mpaka mpini unashuka. Iweke tena sambamba urudie.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza, tairi zikiwa zimepoa. Kwa aliyetoka Mbeya, kufika Tukuyu, takriban kilomita 70, ni umbali unaofaa. Rangi ndani ya matundu mapya hubonyea kidogo, ndiyo sababu nati za rimu mpya hulegea zaidi.

Jaribio na alaimenti

Paka chaki kwenye mabega ya tairi zote nne. Pakia watu wanne. Kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, mbele na rivasi, kisha panda tuta kwa mshazari, gurudumu moja moja. Shuka uangalie palipofutika chaki. Baada ya hapo tembea kilomita 80 kwa saa kwenye lami nzuri na usikilize usukani.

Kama springi pia ni mpya, subiri kilomita 200 hivi zitulie, halafu ndipo upeleke alaimenti. Kushusha gari kunalaza tairi kwa ndani na wakati huo huo kunabadilisha tou, ile tofauti ya umbali kati ya ncha za mbele za tairi na ncha za nyuma. Watu wanalaumu kemba, yaani huko kulala kwa tairi, lakini tou ndiyo inayomaliza tairi. Kemba ya nyuzi -1 hadi -1.5 inavumilika miaka, wakati tou ya milimita chache inakula kashata za ndani kwa safari chache za Dar. Omba tou iwe sifuri au karibu na hapo mbele na nyuma. WRX ina bolti ya juu ya shokapu ya mbele yenye umbo la kupanga kemba, hivyo fundi akisema mbele haipangiki, mwonyeshe bolti hiyo.

Upepo

Anza na namba iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva, kisha ongeza psi 2 kwa ajili ya ubavu mfupi. Pima asubuhi kabla ya kutembea.

Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na geji inasoma tofauti kati ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Hewa ya nje hapa ni karibu psi 12, Dar ni karibu 14.7. Tairi lililojazwa Mbeya likiteremka hadi Dar lingesoma psi 2.7 pungufu kama joto lisingebadilika. Lakini joto linaongeza psi 1 kwa kila nyuzi 6 hivi, na kutoka asubuhi ya nyuzi 12 hadi mchana wa nyuzi 30 ni kama psi 3. Viwili hivyo vinakaribia kufutana. Kwa hiyo usipunguze upepo Mikumi kwa sababu tairi limekuwa la moto. Lala, pima asubuhi, ndipo urekebishe. Kinachohitaji macho ni wiki za Juni na Julai, pale upepo uliojazwa mchana wa jua unapopungua psi 2 au 3 kufika alfajiri, na ubavu wa mm 101 unakutana na tuta la kwanza ukiwa laini.